Koti la Marehemu Oloo

Riruta, Nairobi
19 Agosti 1974

Kwa shemeji yangu Nashon,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana barua hii si ya kusomwa umesimama. Hamjambo wewe na mke wako, na yule ng'ombe mwenye mguu mbaya? Sisi huku ni wazima. Joash anaendelea na kazi yake Upper Hill, na mjukuu wangu Were ameota meno mawili, anauma kila mtu. Mgongo wangu unauma lakini haujanishinda. Usiulize ni nani ananiandikia. Naandika mwenyewe. Huu ni mwaka wangu wa pili katika darasa la gumbaru.

Barua yako ya pili nimeipata. Unasema wazee wamekaa wakakubaliana kwamba koti la ndugu yako Oloo ni lako, na atakayelivaa ndiye atakayeishika nyumba yake, na mimi nikiwa ndani. Unasema Desemba utakuja kulichukua. Nashon, mimi nina miaka sitini na miwili. Oloo aliugua miezi saba na hukumletea hata ndizi. Lakini koti umelikumbuka.

Habari ya koti nitakujibu. Kwanza usikie kazi tuliyofanya.

Hapa kanisani tuko akina mama kumi na wanane wa kujitolea. Tunaomba mabaki ya vitambaa kwa mafundi wa cherehani mjini, tunayakata vipande, tunashona blanketi za viraka za watoto waliolazwa hospitali. Mwaka huu tulisema tufanye sikukuu, blanketi zote zitundikwe uwanja wa kanisa watu wazione kabla hazijaenda. Sheria yetu ni moja tu: kiraka cha katikati hakitoki kwa fundi. Kinatoka nyumbani kwako, kwa nguo iliyovaliwa na mtu wako. Munyiva, yule jirani yangu Mkamba, alikata kanga aliyombebea mtoto wake wa kwanza. Peres alikata gauni lake la harusi, na mpaka leo mumewe hajui.

Mama mmoja wa Loresho aliombwa awe mgeni wa heshima. Alikuja siku tatu kabla ya sikukuu kutukagua, na viatu vyake vyeupe. Alipofika kwa blanketi langu akasema kile kitambaa cheusi cha katikati kinatia huzuni, nikitoe niweke cha maua. Nikamwambia sitoi. Akasema basi litundikwe nyuma. Nikamwambia likienda nyuma na mimi nitakaa nyuma, na chai ya wageni ataipika yeye. Munyiva akaweka sindano yake chini. Peres akaweka yake. Wote wakaweka. Jumamosi, siku ya sikukuu, blanketi langu lilikuwa mbele kabisa, karibu na mlango, na yule mama alilipita akitazama viatu vyake.

Sasa umeshaelewa, maana wewe si mjinga, ni mchoyo tu. Kitambaa cheusi ni koti la Oloo, lile alilopewa alipokuwa akifanya kazi ya reli. Nililikata mwenyewe mwezi wa tano, wiki ile barua yako ya kwanza ilipofika.

Na kuna lingine, ambalo Munyiva mwenyewe halijui. Peres alipoliona koti alikataa kuligusa. Yeye ni wa kwetu, anajua nguo ya marehemu haikatwi kabla ukoo haujaigawa. Akasema mpaka shemeji akubali. Basi nikatoa ile barua yako ya kwanza mfukoni nikawasomea akina mama wote. Wewe uliandika nilitunze koti lisiliwe na wadudu. Mimi nikasoma kwamba umesema nikate, niwafunike watoto, na kwamba umekubali kwa moyo mweupe. Peres hajui kusoma. Alilia, Nashon. Walikuombea kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona aibu kidogo. Ni uongo, tena nimeusemea kanisani. Mungu nimeshamwambia, na leo nakuambia wewe. Kukata koti sijutii.

Jumamosi jina lako lilitajwa kwenye kipaza sauti na watu wakapiga makofi. Mchungaji amewaandikia wa kanisa lenu huko Gem kuwashukuru kwa kuwa na mzee mwenye roho kama yako. Nadhani barua yake itasomwa Jumapili hii. Vaa shati safi. Ukitaka kusimama uwaambie wote kwamba wewe hukutoa kitu, ulikuwa unataka koti na mjane, simama uwaambie. Sitakuzuia.

Desemba ukija, karibu. Utakula samaki, utalala kwa Joash, na utarudi kwako. Nyumba hii nimeishika mwenyewe. Koti liko wodi ya watoto, juu ya mtoto ambaye hata jina simjui. Mfuko wa ndani niliuacha wazi, sikuushona, apate pa kuweka peremende zake.

Vifungo vilikuwa sita. Vitano nimevishona kwenye sweta yangu, na ndiyo nimevaa nikiandika. Kimoja kimo ndani ya bahasha hii. Hicho ni chako, usije ukasema hukugawiwa.

Nisalimie mke wako sana, na mumpeleke huyo ng'ombe kwa daktari.

Ni mimi shemeji yako,
Rispa, mama Joash