Sherehe ya Kipupwe na Jiko Lisilowashwa

Jumapili, 20 Juni 2021. Liverpool, Australia.

Baridi ya leo haina adabu. Nimerudi nyumbani na soksi mbili kila mguu na shali kichwani, na bado vidole vinakataa kuandika. Lakini nisipoandika nitagombana na mtu, na mtu aliye karibu ni mume wangu, Baba Salma, ambaye leo hana kosa. Au analo moja, nitalifikia.

Leo tulikuwa na sherehe ya kipupwe. Ndiyo, tulisherehekea baridi. Wazo lilikuwa la Wanjiru, Mkenya wetu, aliyesoma mahali kwamba watu wanaoanzisha vijiji vya kuishi pamoja na kutunza mazingira hukusanyika katikati ya kipupwe, wakawasha moto na kula pamoja. Sisi tunaotoka nchi za jua, tunaonung'unika kila ikifika Juni, tukasema sawa, wazo zuri.

Kikundi chetu kinaishi kwa hiyo "sawa". Tuko familia sita, wengi Wakongo na Watanzania, na mwaka mzima tumekuwa tukikutana kwenye simu kupanga kijiji chetu nyuma ya Campbelltown: bustani moja, kuku, matangi ya maji ya mvua, umeme wa jua, watoto wakimbie wanavyotaka. Na jiko moja la wote. Hilo jiko si mapambo. Halmashauri ya kule inaruhusu jengo moja lenye jiko moja, majiko sita hawataki hata kuyasikia. Kwa hiyo bila jiko la pamoja hakuna kijiji. Mimi ndiye mwenyekiti, na niliuliza mmoja mmoja kwa jina. Jiko moja, sawa? Sawa. Mama Furaha, wewe je? Sawa, hakuna shida. Hakuna aliyepinga hata kwa kukohoa.

Ijumaa hii mchoraji wa ramani anataka jibu la mwisho. Ndiyo maana nikasema tuitumie sherehe kujijaribu. Mwenye ardhi alituachia jengo la zamani walilokuwa wakilala wakata manyoya ya kondoo, lenye jiko la gesi la kupikia hata harusi. Sharti lilikuwa moja na jepesi: mtu asilete chakula. Kila mmoja aje na kisu chake, tupikie pale pale. Mbuzi nilinunua mimi, wa halali ili asiwepo wa kubaki na njaa. Mchele, vitunguu, karoti, viungo, vyote nilibeba mimi.

Wakaja na masufuria.

Familia moja baada ya nyingine, magari yanasimama kwenye nyasi zenye barafu, buti zinafunguliwa, na ndani kuna sufuria limefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mama Furaha alishuka na sombe, kisamvu cha kwao, na hotpoti ya fufu. Wanjiru, mwenye wazo lake, alikuja na mukimo wa viazi na mahindi. Kila mmoja alikuwa na sababu. Mwanangu hali vya watu. Kuku alikuwa ananiharibikia kwenye friji. Siwezi kuja mikono mitupu, utasema nililelewa wapi. Wanjiru akasingizia korona, kwamba afadhali kila mtu ale kwenye chungu chake, kwani sioni wagonjwa wameanza tena upande wa pili wa jiji? Nilisimama pale na mbuzi wangu mbichi nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nilikuwa nafungua mdomo niwaambie walichonifanyia, Baba Salma akaita kutoka kwenye gari letu, kwa sauti ya mtu asiye na habari. "Mama Salma, hili pilau lako nilitoe sasa hivi au baadaye?"

Wote wakanigeukia.

Basi niseme hapa, kwa kuwa pale nilishindwa. Niliamka kabla ya alfajiri nikapika pilau. Nilijiambia ni tahadhari tu, likiharibika jambo watoto wasilale njaa. Si kweli. Nilipika kwa sababu sikuamini kwamba mikono ya wengine ingetoa chakula ambacho ningethubutu kumwekea mgeni. Mwenyekiti wa jiko la pamoja. Hata nilipokuwa nakaanga vitunguu nilikuwa najiona mjanja.

Tukala kuuzunguka moto, kila mtu anapakua chake na kumsukumia jirani aonje. Chakula kilikuwa kitamu sana, na hilo likanikera zaidi. Watoto walipiga kelele kwa Kiingereza chao, wakala kila sufuria bila kuuliza ni la nani, hata yule asiyekula vya watu. Ndani kule jiko halikuwashwa. Waliingia kunawa mikono tu.

Najiuliza kwa nini nimekasirika hivi kwa jambo ambalo mtu mwingine angelicheka. Ni kwa sababu ya Salma.

Salma alizaliwa mwaka jana, siku zile za kufungiwa za mwanzo. Mama yangu alikuwa Tanga na tiketi mkononi, mipaka ikafungwa. Baba Salma kazi yake ni ya ghala, haifanyiki nyumbani, akawa anaondoka kila siku. Arobaini yangu niliikalia peke yangu kwenye fleti hii. Hakuna wa kunikanda kwa maji ya moto, hakuna wa kunikorogea uji wa pilipili manga. Marafiki waliacha vyakula mlangoni, wakashuka, wakanipungia kutoka kwenye maegesho. Nilikuwa nakula nimesimama, mtoto begani, naongea na birika. Siku moja birika la umeme lilijizima nikalia kwa sababu sikuwa nimemaliza kulieleza.

Naogopa kurudi pale. Hilo tu. Wengine wanaona nachangamkia umeme wa jua na kuku, lakini mimi ninachokitaka ni chumba chenye moto na wanawake ndani yake, kila siku, hata siku nisiyoweza kuwaita.

Tulipokuwa tunafungasha nilimfuata Mama Furaha kwenye tangi, anasuuza sufuria kwa maji ya kukata vidole. Nikamuuliza, kwa ukali nisioupenda, kwa nini alisema sawa mwaka mzima.

Akaendelea kusuuza. "Mama Salma, nikuambie kweli? Kule kazi niko napika siku yote na gloves. Supervisor anasimama nyuma yangu, anapima temperature ya supu, anaandika. Nikiweka chumvi kidogo, complaint. Nikifika kwangu nafunga mlango ya jikoni. Hata bwana haingii. Ni place moja tu hii Australia mtu hanicorrect. Sasa na hiyo nitoe?"

Anapikia nyumba ya wazee. Nilijua hivyo siku zote, na sikuwahi kumuuliza kukoje. Nikasema angeniambia mkutanoni.

"Mu mkutano, mbele ya watu wote? Ulikuwa content sana, furaha tupu. Ningekuharibia namna gani?"

Mwaka mzima nimekuwa nikimwomba mwanamke huyu anipe chumba pekee alicho nacho, na yeye kwa heshima akawa ananiitikia. Mimi nchi hii imenichosha kwa upweke, yeye imemchosha kwa macho ya watu, na wote wawili tumekimbilia jikoni. Mchoraji gani atachora hilo?

Nilidhani tumemaliza. Akafunga sufuria lake kwenye blanketi, akaliweka kwenye buti, kisha akarudi kwangu.

"Jumanne niko off. Kuja kwangu Fairfield, na mtoto. Utakaa ku kiti, mule ndani, nikupikie. Lakini haugusi kitu."

Nikamwambia si amesema hata bwana haingii.

"Bwana anaongea sana," akasema, akaingia kwenye gari.

Kesho nitampigia mchoraji nimwambie jiko la pamoja halipo, asingoje Ijumaa. Huenda ardhi ikatuponyoka, na najua nitakayoambiwa na wale waliokwisha kuchagua majina ya kuku. Nimelia kidogo njiani, Baba Salma akaongeza hita ya gari, akidhani ni baridi. Bado nina hasira na wote sita, mimi nikiwa wa kwanza.

Jumanne nitakwenda Fairfield. Nitakaa kwenye kiti nilichoambiwa, Salma mapajani. Najijua, nitaona kitunguu kinataka kuungua na mkono utaanza kuniwasha.

Nitaukalia.