Mbili, Kila Ijumaa

Buffalo, West Side

Kaka Sylveri,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Gahanna, pembeni ya Columbus, wewe na wifi yangu Gracieuse, pamoja na wale watoto wenu ambao nikiwasalimu kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Waambie shangazi yao anawapenda hivyo hivyo. Mimi mwili ni mzima. Huku theluji imegoma kuondoka na basi la asubuhi linakuja linapotaka lenyewe. Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu wewe unanizidi maneno, unanichekesha, nami nasahau nilichokusudia. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na mdogo wetu Fides. Tangu aumie ghalani analala kwenye kochi langu. Mgongo umemkataa kabisa. Soksi namvalisha mimi nikiwa nimepiga magoti, naye anageukia ukutani nisimwone akilia. Aliumia mbele ya macho yangu, akiinua maboksi ya sabuni, amevaa kizibao cha springi cha kusaidia mgongo, kama sheria ya ghala inavyotaka. Kampuni wamekataa kumtibu na kumlipa. Wanasema utafiti wa chuo, uliofanywa kwa ruzuku ya serikali, umethibitisha kwamba anayevaa kizibao chao haumii mgongo, kwa hiyo Fides lazima aliumia nyumbani. Nyumbani! Labda alikuwa akininyanyua mimi. Amebakiwa na rufaa moja, na akishindwa hiyo hana daktari wala mshahara.

Kizibao hicho unakijua kuliko sisi, lakini acha nikukumbushe kilivyotufikia. Ulikuja kutoka Columbus siku ya Jumapili, umependeza, na Mzee Zenoni wa kanisa letu akakupisha mbele baada ya kwaya kuimba. Ulitueleza kwamba nusu ya fedha inatoka serikalini, nusu inatoka kwa kampuni inayotengeneza vizibao, ambayo ndiyo yenye ghala letu, na chuo kimekaa katikati ili asidanganywe mtu. Weee, vigelegele vilivyopigwa! Mtoto wetu yuko chuo kikuu, tena anatafiti migongo yetu sisi. Akina mama wa kwaya walijiandikisha wote kabla wali haujapoa. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, kwa sababu ulikuwa wewe.

Tukaanza kuvaa. Kila wiki chache kampuni walipandisha kasi ya mkanda unaoleta mizigo, wakisema ni sehemu ya majaribio, na kila Ijumaa ulitupigia wewe mwenyewe kutuuliza hali. Nakumbuka Ijumaa moja karibu na Pasaka, Fides ameweka simu kwenye spika huku mimi napika maharage. Alikwambia kama kaka yake kwamba hawezi tena kufunga kamba za viatu, na kwamba springi zinamng'ata kiunoni. Ulimpa pole, ukamtania kwamba amezeeka kabla ya kuolewa. Kisha ukabadilisha sauti, ukaweka ile ya ofisini, ukamwuliza kutoka sifuri hadi kumi maumivu yake ni ngapi. Akajibu mbili, kama alivyojibu wiki ya kwanza. Nawe ukamshukuru, ukaandika mbili.

Hakuwa peke yake. Mimi siku ya kwanza nilisema nne, nikabaki na nne yangu mpaka mwisho, hata siku niliporudi nyumbani nimeinama. Mama Bonheur wa kwaya aling'ang'ania moja. Basi ikatangazwa kwamba kasi imepanda na maumivu hayakuongezeka. Kampuni wakaipandisha tena, safari hii si majaribio, na mwezi uleule Fides akaanguka.

Jumamosi iliyopita profesa wenu, yule mama mrefu, alikuja kwenye ukumbi wa kanisa kutuonyesha matokeo. Alituwekea ukutani mstari wa majibu yetu, umelala moja kwa moja. Watu walipoanza kula nilimfuata na Kiingereza changu hiki cha ghalani. Nilimweleza kwamba sisi tumelelewa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na kule anayekuhoji akiwa na faili mkononi humbadilishii jibu. Familia ya Hakizimana waliachwa kambini miaka mingi kwa sababu mama yao alisema mtoto alizaliwa wakati wa mvua, halafu mahojiano ya pili akasema kiangazi. Kwa hiyo ukishasema mbili, unakufa na mbili.

Profesa alivuta kiti akakaa. Aliniambia kwamba hata yeye mstari ule ulimtia shaka, ndipo akakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ni wa kwetu, mbona namba hazisogei. Ukamjibu kwamba Warundi ni watu wagumu, hawalalamiki ovyo.

Sylveri! Watu wagumu? Nani alitukaririsha kule kambini? Si wewe? Baba alikuwa ameshafariki, Mama anatetemeka, ukakaa mbele yetu kama mwalimu, Mama akiwemo, tukirudia siku tuliyovuka mto mpaka tuseme neno moja wote. Fides alipokosea ulimfinya sikio. Ulifanya vizuri, na ndiyo maana leo tuko Marekani. Lakini usije ukaniambia hukujua ile mbili ilitoka wapi. Uliijua sauti yake anapokueleza wewe, na uliijua anapojibu faili. Ukachagua faili. Profesa akaniambia pia kwamba awamu inayofuata ni Louisville, na kiongozi wake ni wewe. Nilikaa chooni pale kanisani nikalia kwa hasira. Umetuuza, kaka. Sina neno laini kuliko hilo, na nimelitafuta.

Profesa anasema yuko tayari kuwaandikia watu wa rufaa kwamba namba zile hazifai, lakini neno langu halitoshi, mimi ni dada wa mgonjwa. Anataka wewe uliyezikusanya useme ulichokijua. Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Kampuni wakikasirika, Louisville huenda akapewa mwingine. Hilo nalijua, na bado nakuomba.

Jana Mama alinipigia kutoka huko Louisville, furaha imemjaa. Amesikia mwanawe analeta vizibao kwenye kile kiwanda cha kufulia anakobeba mashuka ya hospitali, na ameshawatangazia wenzake wote. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu. Halafu akashusha sauti, akaniuliza, siku ya kwanza utakapomhoji, ataje namba gani ili aishike vizuri asije akakuharibia kazi.

Nimemwambia akuulize wewe.

Nisalimie wifi na watoto. Fides anakusalimu, bado anakuita kaka. Mzee Zenoni naye anauliza utakuja lini.

Ni mimi mdogo wako,
Veridiana