Matanga Niliyojifunza kwa Watu wa Ayalandi

Mama,

Nimemaliza vitabu vinne kati ya saba. Vyote vinahusu maisha ya watu wa Ayalandi: viazi vyao, mikate yao, ndoa zao, jinsi wanavyozikana. Nilivikuta chini ya kitanda chako nilipokusanya nguo, vimefungwa ndani ya foronya, na vikaratasi vya majani ya chai vikiwa alama ya pale ulipofika. Nilikaa sakafuni nikauliza kwa sauti: Mama na Ayalandi, wapi na wapi?

Kisha nikaona jina la Koko Nora ukurasa wa kwanza, yule bibi wa Ayalandi uliyekuwa ukimwogesha kule nyumba ya wazee, mtaa wa Liverpool. Haoni tena, kwa hiyo nadhani ulikuwa unamsomea. Kwa Kiingereza, wewe uliyekuwa ukinipa barua za shule nikusomee. Sielewi ulianza lini. Mara mbili tatu ulisimama mlangoni pangu na kitabu mkononi. "Neema, hapa wanasema nini?" Nilikuwa na mtihani. Nilikujibu kwa Kiingereza kwamba baadaye, bila kugeuza kichwa. "Haya, profesa," ukasema, ukaenda zako.

Kitabu cha nne kina sura ya misiba. Zamani, mtu akifa kijijini kwao, hakuachwa peke yake hata kidogo. Mlango haukufungwa. Majirani walijaa, chai ikachemka, tumbaku ikapitishwa kwenye sahani, wanawake wakamlilia kwa kumtaja sifa, na pembeni watu wakasimuliana vituko vya marehemu mpaka wakacheka. Umepiga mstari chini ya karibu kila sentensi. Pembeni umeandika kwa penseli: "Kama Uvira. Muulize Neema."

Uniulize nini, Mama?

Nimetembea na maneno hayo wiki tatu, kwenye treni, kazini, kanisani. Maana ulipofariki, Mama Furaha, mwenzako wa kanisani, alinipigia simu kabla sijatoka hospitali. "Matanga iko wapi? Tulete magodoro?" Nikamwambia hakuna matanga. Nikasema tunaishi ghorofani, kuta ni nyembamba, majirani watalalamika, tutakunywa chai kanisani baada ya maziko. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Nilitaka kulia peke yangu. Sikutaka kuonwa. Akasema, "Wewe ndiye mwenye mama." Ukalala siku tisa kwenye jokofu la watu tusiowajua, tukakuzika makaburini Lidcombe asubuhi, na saa saba mchana kila mtu alikuwa amerudi kwake.

Sikujua kama nimevunja kitu. Nilifika nchi hii kutoka Uvira nina miaka mitano. Misibani ulikwenda wewe, mimi nikabaki na masomo yangu. Inakuwaje nijifunze kilio chetu kwa watu wa Ayalandi? Naona aibu, halafu hasira, halafu sijui namkasirikia nani.

Nilikwenda kwa Koko Nora nikidhani ulimweleza ulichotaka kuniuliza. Alinishika mkono akaniita kwa jina lako. Nilipomwambia umefariki, hakulia. Aliuliza jambo moja tu: waliokaa nawe walikuwa wangapi. Nikasema wengi, nyumba ilijaa. "Vizuri," akasema, "alistahili," huku akinipigapiga kiganja. Nilimdanganya mtu asiyeona, Mama.

Siku ya pili nikampigia Mama Furaha kumwomba tufanye matanga. Miezi minne imepita, nilitegemea anisute. Alisema, "Sisi tulikuwa tunangoja tu mlango," akauliza sufuria yako kubwa iko kabati gani.

Basi jana walikuja. Makochi yalipelekwa roshani, wakaimba, wakaomba. Mimi nilikuwa nimeweka sahani ya tumbaku katikati ya meza, kama kitabu kilivyosema. Mama Furaha akainusa. "Na hii ni ya nani, Neema? Mama yako mlokole alianza kuvuta lini?" Wakacheka, na kicheko hicho kikamkumbusha mmoja siku ulipomvalisha mchungaji aproni ukamwambia aoshe masufuria, akaosha. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilicheka mpaka nikalia, mbele yao wote, na hakuna aliyenitazama kwa namna niliyokuwa nikiiogopa.

Ninaandika haya asubuhi, baadhi yao bado wako kwenye magodoro. Sijui kama matanga yaliyochelewa humfikia mtu. Sijui nimefanya ya Uvira au ya kitabuni. Labda ulitaka kuniuliza kama nami nitakufanyia hivyo. Labda ulitaka tu maana ya neno moja gumu. Naligeuza swali lako kila upande na halinijibu.

Pumzika, Mama. Alhamisi nitarudi kwa Koko Nora. Kwanza nitamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba siku zile hukuwa na mtu. Kisha, akinikubali, nitamsomea vitatu vilivyobaki, polepole, na nikifika mahali nisipoelewa, nitamuuliza yeye.

Mwanao,
Neema