Nusu ya Wendell

Jumapili, 19 Novemba
Mashua imeingia bandani! Jirani yangu Muriel ameivuta kwa trekta lake, mimi nikielekeza kwa mkono mmoja – ule mzima. Wa kushoto, tangu kiharusi cha Juni, hufanya kazi siku ukipenda. Theluji ya kwanza imeanguka tulipofunga mlango. Imechelewa.
Wendell alisimama barabarani akitazama. Mdogo wangu, miaka sitini na mitatu, bado ananuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Eti mashua imeoza na mwenyewe hana hali. Basi tumefaana, nikamwambia.

Jumatano, 6 Desemba
Nimebandua rangi yote. Mataruma manne, mbavu za mashua, yamekufa. Mbao tatu za kushoto zinabonyea kwa kidole kama keki. Lakini mkuku, uti wa chini unaobeba mashua – mzima! Mwaloni wa baba hauna hata ufa. Mashua alitujengea sisi wawili, akatuachia sisi wawili. Wendell hajaipanda tangu tumzike baba, miaka kumi na moja sasa. Hasemi kwa nini. Siulizi.

Jumamosi, 13 Januari
Redio inasema Nova Scotia nzima imefungwa na theluji. Gundi inakataa kukauka, jiko la kuni linakula kuliko mimi. Nafunga jiriwa za kubania mbao kwa mkono wa kulia na meno. Juzi kliniki wameniuliza nafanya mazoezi gani, maana kidole gumba kimeanza kushika. Napiga msasa mashua, nikasema. Wakacheka, wakidhani utani.
Taruma la kwanza jipya limekaa. Limekaa!

Jumapili, 11 Februari
Nimeanguka. Ngazi iliteleza, nikalala juu ya takataka za randa karibu nusu saa. Hakuna aliyesikia. Nikatambaa hadi kwenye mkuku, nikaushika, nikainuka. Mwenyewe! Bega limevimba. Muriel kaniona nikichechemea, akampigia Wendell simu. Asante sana, Muriel.

Jumatatu, 12 Februari
Wendell kaja kabla sijanywa chai.
"Dada, ukianguka tena nani atakuokota? Utafia humu."
"Kwani sebuleni watu hawafi?"
"Nusu ya mashua hii ni yangu. Kuna mtu anataka ile risasi, madini ya uzito, iliyo chini ya mkuku. Nitamwuzia. Kitakachobaki tutachoma."
"Chukua nusu yako leo hii. Unataka ya mbele au ya nyuma?"
Hakucheka. Zamani ningelia. Leo nimepanga misumari ya shaba.

Jumanne, 27 Februari
Mbao mbili zimekaa. Imebaki moja, ndefu kuliko zote. Muriel anasema ningoje bega lipone. Nilingoja vya kutosha kitandani.

Jumamosi, 9 Machi
Ubao ulikuwa kwenye sanduku la mvuke tangu asubuhi, ulainike upindike. Muriel angekuja kushika ncha ya pili. Trekta likamkwama. Na ubao ukishatoka, una dakika moja tu kabla haujakakamaa.
Mara Wendell mlangoni, na yule mtu wa risasi, futi ya kupimia mkononi.
Nikautoa ukifuka mvuke. "Wendell! Glavu zile pale! Shika huku!"
"Dada, sisi tumekuja kwa –"
"Sema ukiwa umeshika!"
Akashika. Nikasukuma kwa nyonga, kwa bega bovu, kwa mkono wa kushoto – ukashika! Jiriwa ya kwanza. Ya pili. Ubao ukalia, haukuvunjika. Sote tunahema. Wendell akaupapasa, akanuna.
"Umeuchelewesha. Baba angeutoa mapema."
"Baba alikuwa na mikono miwili. Na alikuwa na wewe."
Mtu wa risasi akakohoa, akauliza, je, apime? Nikasimama mbele ya mkuku nikiwa na nyundo. Sikuinyanyua. Niliishika tu. Wendell akamtazama, akanitazama, akatoka. Yule mtu akamfuata.
Sasa wamekaa garini. Injini inanguruma, hawaondoki. Ncha ya nyuma ya ubao bado imeachama, upana wa vidole vinne. Nimeizungushia matambara, nangoja birika lichemke niyamwagie maji ya moto, ubao ulainike tena. Peke yangu haitafunga. Nitajaribu hivyo hivyo.
Glavu zangu Wendell kaondoka nazo.
Birika linachemka. Mlango wa gari umefunguliwa – mmoja tu, wa upande wa Wendell. Sitainua kichwa.