Diski ya Baba Akinyi

Jumanne. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha. Nami niko vivyo hivyo.

Leo Mama Akinyi alitoka Soweto West, kule Kibera, akaja na boda hadi kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Gatina. Amepakata kompyuta ya zamani kama mtoto mgonjwa. Mumewe alikuwa mpiga video wa harusi na matanga, akafariki mwaka jana. Jumamosi familia inakutana Siaya kumkumbuka, na kazi yake yote iko kwenye diski moja kubwa, terabaiti tatu.

Laptop ya marehemu iliharibika. Shemeji yake akaingiza diski kwenye hii kompyuta ya zamani, nayo ikasema diski ni tupu, ifomatiwe, yaani ifutwe na kuanzishwa upya.

"Kila mtu ananiambia nifomati tu," alisema. "Nimekataa. Hiyo ndiyo imebaki yake."

Nikachomeka diski, nikaiwasha kompyuta. Ikaonyesha gigabaiti mia saba na kitu.

Hapo nikapata tumaini. Diski haikuwa imekufa. Ni motherboard, ule ubao mkuu wa kompyuta, iliyozeeka, ilitengenezwa wakati diski kubwa hivi hazikuwepo. Ikihesabu hadi terabaiti mbili inafika mwisho wake, inaanza tena sifuri, na kuonyesha kile kipande kilichobaki tu. Ukiiruhusu iandike, inaweza kuandika juu ya vitu vya mwanzo na kuvifuta.

"Mama, kuna mtu aliweka kitu humu? Hata wimbo mmoja?"

"Hakuna. Niliichomoa mimi mwenyewe, shemeji akanuna."

Nikaihamishia diski kwa mashine yangu mpya.

Folda zikatokea. Zote.

Tukatafuta sura ya mumewe. Hakuna. Miaka yote hiyo alikuwa nyuma ya kamera. Nilimwona mama wa watu akinywea kwenye kiti. Nikafungua tu harusi moja ya Silanga, huko huko Kibera. Bibi harusi anatoka mlangoni, ameinamisha kichwa. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa na kamera:

"Polepole, dada. Usiniangalie mimi. Muangalie bwanako."

Mama Akinyi akashika meza. "Ni yeye."

Tukarudia. Tukarudia tena. Hakulia. Mimi ndiye niligeuka kuangalia ukuta.

Nimemnakilia zile video kwenye diski ndogo ambazo kompyuta yake inaweza kusoma. Ile kubwa nimemsihi asiirudishe humo kamwe. Ameondoka akiwa amezifunga kwenye leso, na Jumamosi watu wa Siaya watamsikia.

Tangu aende sijashika kazi nyingine.

Mamangu yuko Vihiga, mzima, anapiga simu kila wiki. Sina hata dakika moja ya sauti yake.

Kesho nitampigia mimi, na nitabonyeza kurekodi kabla hajaniuliza kama nimekula.