Paspoti za Ras Al Khor: Kwa Baba Yetu, Wakili Rafiq Gulamhusein

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu utuache asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Machi 2015, hapa Dubai. Binti yako Ghania ndiye aliyeshika kalamu, na ametaka aandikwe kwa jina lake, asijifiche nyuma ya "sisi". Ulimfundisha mwenyewe kwamba anayesema "makosa yalitokea" hajakiri kitu, na mwenye kukiri ataje jina. Basi jina limetajwa.

Ulizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, mtoto wa fundi saa. Ulipanda meli kwenda Bombay kusoma sheria ukiwa na miaka kumi na tisa, na Kiswahili ulichoondoka nacho ndicho ulichorudi nacho. Miaka thelathini na minane ulisimama mbele ya Mahakama ya Juu kule Delhi ukiitetea katiba ya India, nawe uliijua kifungu kwa kifungu. Siku za kuzaliwa za wajukuu zako ulizisahau zote.

Yule mwalimu wa kijijini aliyefungwa miezi kumi na minne bila kuambiwa kosa lake, wenzako walikwambia, achana naye, utajiharibia. Ukaichukua kesi, ukashindwa. Ukarudi na hoja nyingine, na safari ya pili mwalimu akatoka. Mara mbili ulitakiwa uwe jaji na mara mbili ulikataa, kwa kuwa jaji hana ruhusa ya kubishana, na wewe bila kubishana chakula hakikushuki.

Ulipostaafu ukaja kukaa nasi Al Jaddaf, hapa hapa Dubai, na koti hukulivua hata mwezi wa Agosti. Chungwa ulilimenya ganda likatoka zima, ukamvisha mjukuu wako Hala mkononi kama bangili. Mkeo, Mama Kulusumu, alikuficha halua kwa ajili ya sukari yako; ukaitafuta, ukaipata, ukakana mchana kweupe na ufuta uko kwenye masharubu. Wakili gani huyo!

Na "Lete upande wa pili" yako, loh! Hukumsikiliza mtu malalamiko yake mpaka kwanza aeleze hoja ya mwenzake, aieleze vizuri hadi mwenzake mwenyewe aseme, "Ndivyo." Wajukuu zako Hala na Mohannad waliwahi kugombea rimoti ya televisheni, wakatetea kila mmoja upande wa mwenziwe mpaka kipindi kikaisha. Mahakamani nako ulianza hivyo hivyo, na ndiyo maana mawakili wa serikali walikuogopa.

Sasa tuseme lile la Fortunata.

Fortunata ametoka Bukoba, na alikuwa mwaka wa tatu akitusaidia kazi za nyumbani. Mwaka 2014, wiki moja kabla ya Ramadhani, alipata habari kuwa mama yake yu mahututi. Akamwomba Ghania ruhusa ya kwenda. Ghania akamjibu, "Baada ya Idi, inshallah." Fortunata akasema, "Sawa, madam," akarudi kuosha vyombo.

Uliyasikia yote ukiwa mezani, na chungwa lako mkononi.

"Paspoti yake iko wapi?" ukauliza.

"Ndani ya droo, Baba. Nimeifungia. Kwa usalama wake."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi. Kila nyumba inafanya hivyo, Baba."

Ukaliweka chungwa chini. "Fortunata, njoo ukae. Ghania, lete upande wa pili."

Ghania alidhani ni jambo la dakika moja. Akasema mama yake Fortunata anaumwa, ni haki yake kumwona. Fortunata kimya. Akasema kazi ni nyingi na mtu amechoka. Kimya. "Hajasema ndivyo," ukamwambia. "Endelea." Ghania akaona uso unamwaka moto, maana hapo alikuwa anaulizwa mbele ya mama yake na watoto wake, na swali alilijua jibu lake tangu mwanzo.

"Simwamini," akasema mwishowe. "Nimekaa na paspoti yake miaka mitatu kwa sababu naogopa akiweza kuondoka ataondoka."

"Ndivyo, madam," akasema Fortunata, na machozi yakamtoka.

Ghania aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Aliifungua droo pale pale. Alhamisi Fortunata akasafiri, akamkuta mama yake hai, akakaa naye siku tisa hadi alipomzika. Mwezi uliofuata akarudi kwa hiari yake, na paspoti anaiweka mwenyewe, wapi hatujui wala hatuna haja ya kujua. Huyu ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko siku zako za mwisho.

Hospitalini, siku mbili kabla hujatutoka, ulimwita mkweo Muhanna, mume wa Ghania. Unajua alivyokupenda. Ukamuuliza, sauti imekwisha kabisa, "Na za Ras Al Khor?" Ulikuwa unauliza paspoti za wafanyakazi kumi na mmoja wa duka lake la vipuri vya magari, zilizokuwa ndani ya sefu ya ofisi.

"Inshallah, Baba," akasema Muhanna.

"Inshallah ya kutenda, au ya kunikwepa?"

Ukafumba macho. Swali hilo ndilo ulilotuachia, na Ghania aliapa kwamba mwaka hautatimia bila jibu.

Haikuwa rahisi, Baba, tusidanganyane. Kila Jumatatu Ghania alikwenda dukani akakaa kiti cha wateja, mkoba magotini. Muhanna akasema yeye ndiye kafeel wao, mdhamini wao kisheria, mtu akitoroka yeye ndiye ataitwa. Akasema wakiondoka wote nani atafungua duka. Ghania akamwambia, "Hayo nimeyaelewa, na ni kweli. Sasa na wewe lete upande wa pili." Muhanna akakasirika, kwani yeye mtoto? Wiki tatu nzima maneno ndani ya nyumba yalikuwa "chakula tayari" na "alhamdulillah nimeshiba". Mama Kulusumu akaingilia kati, akasema heri enzi za Delhi, angalau pale ugomvi ulikuwa kazini. Ghania hakurudi nyuma.

Jumamosi iliyopita Muhanna aliwaita wafanyakazi wote ofisini. Aliwasomea majina kutoka kwenye paspoti zao, mmoja mmoja, na kila mmoja akapokea yake mkononi. Faustine, msimamizi wa stoo, aliibusu yake. Mwaka wa saba huo hajaishika.

Siku ya Jumanne, Umaru, kijana wa Masaka aliyekuwa akiuza betri, akakata tiketi akaenda zake.

"Si unaona!" Muhanna akafoka siku hiyo, wakiwa mezani, kwenye kiti chako hakuna mtu. "Si nilikwambia ataondoka?"

"Naona," akasema Ghania. "Alitaka kwenda kwao, na ulikuwa umemzuia."

Muhanna akalichukua chungwa, akaanza kulimenya, ganda likamkatikia. Kisha akasema taratibu, "Ndivyo."

Jibu lako hilo, Baba. Limechelewa mwaka mzima.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na dua ni mkeo Kulusumu, binti yako Ghania, mkweo Muhanna, wajukuu zako Hala na Mohannad, Fortunata, na Faustine pamoja na wenzake tisa wa Ras Al Khor. Umaru tulimpigia simu Masaka kumwomba ruhusa ya kuliandika jina lake hapa, naye ameridhia. Hakusema kama atarudi, na hatukumuuliza.

Pumzika, Baba. Maadamu tuna uhai, hutatutoka moyoni.