Baba Amekubali Kwenda Kupimwa, kwa Sharti Moja

Korogwe, Jumamosi jioni. Joto halijapungua, mawingu yamejazana upande wa milimani na mvua hainyeshi. Viatu vyangu bado vina tope la Bungu, kule milimani. Nimevivua mlangoni nikashindwa kuviosha.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Baba yuko chumba cha pili, amejilaza.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Baba ni mkulima wa machungwa kule Mnyuzi. Mwaka jana walimkuta na saratani ya ini. Alikuwa na homa ya ini kwa miaka mingi bila kujua. Madaktari Dar es Salaam walipitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka ndani ya ini, wakauchoma uvimbe kwa joto. Hakupasuliwa. Alirudi anatembea mwenyewe, na tukachinja kuku.

Nilidhani imeisha.

Tuliporudi kliniki mara ya mwisho, daktari alitueleza taratibu, bila haraka. Alisema pale palipochomwa pamekufa vizuri. Lakini ini lenyewe limejaa makovu, uvimbe ulikuwa mkubwa na ulikaa karibu na mshipa wa damu, na kipimo kimoja cha damu hakijashuka kama alivyotaka. Ukiyaweka yote pamoja, alisema, Baba yuko katika kundi la watu ambao ugonjwa huwarudia mara nyingi. Ndiyo maana lazima apigwe picha kila baada ya miezi michache, ili ukirudi ukutwe ungali mdogo.

Baba alimshukuru. Kwenye basi alitazama dirishani mpaka Mnyuzi.

Tangu siku ile nami niliharibika. Kila nikimtembelea namtazama weupe wa macho kama umekuwa njano. Akibakiza ugali, nahesabu matonge yaliyobaki. Akifunga mkanda naangalia ameufunga tundu la ngapi. Yeye anaona. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, unanisoma kama mita ya umeme."

Miadi yake ni Jumatatu. Juzi nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Jirani yake wa Mnyuzi akasema ameonekana na begi, anaelekea Bungu kwa dada yake.

Leo asubuhi nimepanda kumfuata.

Shangazi alinipokea kwenye ukungu na baridi, nikamwamkia, hata chai sikunywa. Akanionyesha shambani kwa kidole tu. Baba alikuwa ameinama anapalilia maharage, shati limelegea mabegani kuliko nilivyokumbuka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja kunichukua."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka. Nilipiga magoti kwenye tope, mimi mtu mzima mwenye watoto, nikalia mpaka majirani wa shamba la pili wakasimama kuangalia. Nikamwambia wakiuona uvimbe mapema wanaweza kuuchoma tena.

"Halafu?"

"Halafu tutaendelea kupima."

"Mpaka lini?"

Nikang'oa gugu lililokuwa mbele yangu.

Akaketi kwenye tuta. "Hata mganga akikupigia ramli anapiga mara moja, anakuacha uende zako," alisema. "Huyu ananipigia kila baada ya miezi michache. Tangu aseme ugonjwa utarudi, chakula hakinishuki."

"Hakusema utarudi, Baba. Alisema huenda."

"Kwako ni huenda. Ini si lako. Uvimbe waliutoa tumboni wakanihamishia kichwani."

Nilijifuta uso kwa kanga, tope likanipaka mashavuni, naye akanipangusa kwa kiganja kama nilipokuwa mdogo. Kisha akasema atakwenda.

"Lakini majibu uyapokee wewe. Mimi nitakaa nje. Wakitaka kunichoma tena, niambie nalazwa, nitalala. Wakisema nimepona, turudi nyumbani. Wakisema hakuna la kufanya, turudi nyumbani vilevile. Usiniambie ni lipi. Nataka safari ya kurudi iwe moja tu."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote, ilimradi ashuke nami.

Sasa nimekaa hapa na ile ndiyo yangu, na ndiyo kwanza naelewa nimekubali nini. Kesho tunapanda basi la Dar es Salaam. Jumatatu nitaingia kwa daktari peke yangu, na Baba atakuwa kwenye benchi anatazama mlango.

Habari mbaya naweza kuimeza. Nimeshajizoeza mwaka mzima.

Ila nimewaza zile nzuri, nikapigwa na butwaa. Hata daktari akisema ini ni safi, siwezi kutoka nikicheka. Siwezi kumkumbatia, wala kuwapigia simu ndugu zangu washangilie. Kwa maana nikicheka safari hii, kliniki ijayo nitakapotoka bila kucheka, Baba atajua palepale.

Mungu wangu, nimemwahidi kwamba sitafurahi?